Tafiti za misuli zinatupa uhuru, sisi tunazigeuza amri

Mwaka 2025 lilichapishwa jaribio ambalo wapenzi wa vyuma walikuwa wakilisubiri kwa hamu. Watafiti Milo Wolf, Brad Schoenfeld na wenzao waliwachukua watu waliokwisha kuyazoea mazoezi, wakawafundisha sehemu ya juu ya mwili kwa wiki nane. Upande mmoja wa mwili ulifanya mwendo kamili, kutoka mwanzo hadi mwisho. Upande wa pili ulifanya nusu tu ya mwendo, ile nusu ambayo msuli unakuwa umevutika. Matokeo yalikuwa sare. Kabla ya hapo vijana walikuwa wamehubiriwa mitandaoni kwamba nusu hiyo ndiyo siri mpya ya misuli, na kwamba anayemaliza mwendo wote anajichosha bure. Jaribio lilipotoka, kambi ya pili ikashangilia: tuliwaambia, maabara hazina jipya, rudini kwa Arnold, rudini kwa Mentzer, watunisha misuli wa zamani, nyanyueni na muachane na magrafu.

Naona kambi zote mbili zimeisoma vibaya sare ile. Kambi ya maabara inaiona kama siri iliyoponyoka, kwa hiyo inasaka nyingine. Kambi ya wazee wa vyuma inaiona kama ushahidi kwamba sayansi imepoteza muda wake. Lakini ukizipanga pamoja tafiti za miaka 15 iliyopita, utaona sare za namna hiyo zikijirudia: uzito mkubwa dhidi ya mdogo, mashine dhidi ya vyuma huru, kufanya msuli mara moja kwa wiki dhidi ya kuugawanya kwa siku kadhaa. Sare hizo ndizo ugunduzi wenyewe. Zinatuambia kwamba msuli wa binadamu hukubali njia nyingi, mradi mtu ajikaze kweli, aongeze mzigo kadiri anavyopata nguvu, na adumu. Habari hiyo ilipaswa kuwapa nafuu mamilioni ya watu wasio na vifaa wala muda. Badala yake imegeuzwa orodha ya makatazo.

Ugomvi wenyewe una historia, na historia hiyo inaonyesha kwamba wanaogombana walizaliwa nyumba moja. Septemba 1901 mtunisha misuli Eugen Sandow aliandaa shindano la miili katika ukumbi wa Royal Albert Hall jijini London, na mwandishi Arthur Conan Doyle alikuwa miongoni mwa waamuzi. Sandow aliuza vifaa na kozi kwa posta. Maarifa ya wakati ule yalikuwa bidhaa ya mtu mwenye mwili mzuri: nitazame, kisha nunua. Miaka 40 na kidogo baadaye, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, daktari wa jeshi la Marekani aitwaye Thomas DeLorme alikuwa na wodi iliyojaa askari walioumia magoti na mapaja katika hospitali ya Gardiner, Chicago. Tiba ya kawaida ilikuwa kupumzisha kiungo na kukifanyisha mazoezi mepesi mno. DeLorme mwenyewe alikuwa mnyanyua vyuma tangu ujana wake, alipokuwa akijenga mwili upya baada ya kuugua homa ya baridi yabisi. Akawapa wagonjwa wake mizigo mizito, akawa anaiongeza kadiri walivyopata nguvu. Mwaka 1945 akachapisha matokeo.

Mwanzoni aliagiza seti saba hadi kumi, seti ikiwa ni mfululizo wa marudio ya zoezi kabla ya kupumzika. Mwaka 1948, yeye na Arthur Watkins, walipunguza hadi tatu za marudio kumi: ya kwanza kwa nusu ya uzito ambao mgonjwa anaweza kuunyanyua mara kumi, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa uzito wote. Nenda jimu yoyote leo, iwe Kariakoo, Kisumu au Bujumbura, utamkuta mwalimu akimwambia mgeni afanye seti tatu za kumi. Wengi hudhani ni desturi ya watunisha misuli. Ni agizo la daktari, lililotoka wodini, na daktari yule alilichota kwa wanyanyua vyuma. Tangu mwanzo jimu na maabara zimekuwa zikipokezana.

Kilichovuruga mambo ni biashara. Joe Weider na ndugu yake Ben walianzisha shirikisho la kutunisha misuli, IFBB, mwaka 1946, na Joe akajenga himaya ya majarida ambamo kila mbinu ya mazoezi iliitwa kanuni na kupewa jina lake. Mwaka 1965 likaja shindano la Mr. Olympia, bingwa wake wa kwanza akiwa Larry Scott. Arnold Schwarzenegger alilitwaa mara saba, kuanzia 1970 hadi 1975 na tena 1980, kwa mazoezi ya saa nyingi na seti nyingi, baadhi ya vipindi akiingia jimu mara mbili kwa siku. Wakati huohuo Arthur Jones, mtengenezaji wa mashine za Nautilus, alikuwa akitangaza kinyume chake kabisa: seti moja kwa kila zoezi, mpaka misuli igome, kisha ondoka. Mike Mentzer alilichukua wazo hilo na kulisukuma mbali zaidi, na Dorian Yates, aliyekuwa bingwa wa Olympia kila mwaka kuanzia 1992 hadi 1997, alifanya seti chache sana ukilinganisha na Arnold. Watu wawili walio kwenye ncha mbili za kamba, wote mabingwa wa dunia. Tungekuwa makini, jambo hilo pekee lingetuambia mapema kwamba ugomvi wa seti nyingi au chache haukuwa na uzito tuliodhani unao.

Maabara zilipoingia kwa nguvu, jambo la kwanza zililolifanyia kazi ni uzito. Miongozo ya chuo cha Marekani cha tiba ya michezo, ACSM, ya mwaka 2009, bado ilimshauri anayeanza atumie takribani asilimia 70 hadi 85 ya uzito mkubwa kabisa anaoweza kuunyanyua mara moja. Chini ya hapo watu waliamini unajenga pumzi tu. Stuart Phillips na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, wakalijaribu hilo. Mwaka 2012 walionyesha kwamba asilimia 30 ya uzito huo, ikifanywa mpaka misuli igome, ilikuza mapaja sawa na asilimia 80. Wakosoaji wakasema wale walikuwa wageni wa mazoezi, na mgeni hukua kwa chochote. Hoja ya haki. Basi mwaka 2016 wakawachukua wanaume 49 wenye uzoefu kwa wiki 12, kundi moja likifanya marudio 8 hadi 12, jingine 20 hadi 25. Misuli ikakua sawa. Uzito mkubwa ulibaki na faida yake kwa anayetaka kuongeza nguvu ya kunyanyua uzito mkubwa, na hilo halishangazi, maana mwili hujifunza kile unachofanyishwa. Kwa ukubwa wa msuli, mlango ulikuwa wazi kutoka marudio matano hadi karibu thelathini.

Halafu zikaanguka imani nyingine. Ile iliyosema fanya skwati nzito, yaani kuchuchumaa na kusimama na mzigo, siku ya mikono ili homoni zipande na mikono inenepe, watafiti haohao wa McMaster waliipima na mikono haikuonyesha tofauti. Ile ya kupumzika dakika moja tu kati ya seti ili msuli uvimbe, Schoenfeld aliipima mwaka 2016 na waliopumzika dakika tatu ndio waliopata zaidi. Ile ya kwamba bila maumivu siku ya pili hujafanya kitu nayo imeyumba: maumivu mengi huja mtu anapoanza zoezi geni, na katika siku hizo sehemu kubwa ya kazi ya mwili ni kukarabati palipoumia kuliko kuongeza nyama. Ninayataja haya kwa sababu wapo wanaosema sayansi ya mazoezi haijafanya lolote. Imefanya. Imetuondolea mzigo wa mambo tuliyoyafanya kwa hofu.

Sasa niipe kambi ya wazee haki yake, maana inayo. Hoja yao yenye nguvu ni kwamba tafiti hizi ni fupi na ndogo. Wiki nane hadi kumi na mbili, watu ishirini au arobaini, mara nyingi wanafunzi wa chuo, msuli mmoja ukipimwa unene kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Mtu anayejenga mwili kwa miaka kumi anaishi katika muda ambao hakuna maabara iliyoufuatilia. Isitoshe, majibu ya utafiti ni wastani, na wastani huficha watu. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2005, Monica Hubal na wenzake waliwapa watu 585, wanawake na wanaume, programu ileile ya mkono mmoja kwa wiki 12. Yupo ambaye msuli wake ulipungua kwa asilimia 2, na yupo ambaye uliongezeka kwa asilimia 59. Programu moja, muda mmoja. Kocha mzoefu aliyemtazama mwanafunzi wake kwa miaka mitatu anajua kuhusu mwanafunzi huyo jambo ambalo hakuna jedwali litakalomwambia, na anayemdharau kocha huyo kwa sababu hana shahada anakosea.

Kuna pia ukweli kwamba wazee waliyapata mengi kabla ya maabara. Mwaka 2022 Sumiaki Maeo na wenzake nchini Japani walionyesha kwamba kunyoosha kiwiko mkono ukiwa juu ya kichwa hukuza misuli ya nyuma ya mkono zaidi kuliko mkono ukiwa umeshushwa: karibu asilimia 20 dhidi ya 14. Watunisha misuli walikuwa wakifanya zoezi hilo la juu ya kichwa kwa miongo mingi kabla hata ya kuwapo mashine za kupima. Walihisi kitu, wakakishika.

Lakini hoja ambayo kambi hiyo huipenda zaidi ndiyo dhaifu kuliko zote: tazama miili yao. Arnold hakusoma tafiti, tazama mwili wake. Hoja hii haisimami, na kwa sababu inawaumiza vijana, nitaikalia. Dianabol, dawa ya kukuza misuli, iliingia sokoni Marekani mwaka 1958, na kuanzia hapo mwili wa jukwaani haukuwa tena kipimo cha mazoezi peke yake. Schwarzenegger mwenyewe amekiri hadharani kwamba alitumia. Mwaka 1996 Shalender Bhasin na wenzake walichapisha jaribio lililopaswa kubandikwa kwenye mlango wa kila jimu. Wanaume 43 waligawanywa makundi manne kwa wiki kumi. Waliofanya mazoezi bila dawa waliongeza takribani kilo 2 za mwili usio mafuta. Waliodungwa miligramu 600 za testosteroni, homoni ya kiume, kila wiki na hawakufanya mazoezi kabisa waliongeza kilo 3.2. Waliofanya vyote viwili waliongeza kilo 6.1. Yaani aliyekaa bila kunyanyua chochote, akiwa na sindano, aliongeza zaidi ya aliyetokwa na jasho. Ukishaijua namba hiyo, huwezi tena kumtazama bingwa na kusema seti zake ndizo zilizomjenga. Hujui ni kipi kilichofanya kazi, na hata yeye hawezi kujua.

Mfano mwingine ni Casey Viator. Mwaka 1973, huko Fort Collins, Colorado, Arthur Jones alimfanyisha mazoezi kwa siku 28 na kutangaza kwamba ameongeza uzito wa paundi 45. Picha zilishtua, mashine zikauzika. Kilichosemwa kwa sauti ya chini ni kwamba Viator alikuwa bingwa aliyepungua sana baada ya ajali ya kazini iliyomkata sehemu ya kidole na sindano ya pepopunda iliyomdhuru. Alikuwa akirudi kwenye mwili aliokuwa nao. Kurudisha msuli uliopotea ni rahisi mno kuliko kuujenga mara ya kwanza. Leo video za namna hiyo ziko maelfu, na ujanja ni uleule.

Kambi ya maabara nayo ina hoja yake dhaifu, na kwa sasa ndiyo inayosambaa zaidi: utafiti umesema zoezi hili ni bora, basi mengine ni takataka. Chukua utafiti mwingine wa Maeo, wa 2021, uliolinganisha kukunja goti ukiwa umekaa na ukiwa umelala kifudifudi. Misuli ya nyuma ya paja ilikua asilimia 14 kwa kukaa na 9 kwa kulala. Tofauti ni ya kweli, na mwenye mashine zote mbili akichagua ya kukaa atakuwa amefanya vyema. Lakini angalia pia kwamba aliyelala alikua. Kutoka hapo hadi kumwambia kijana kwamba zoezi la kulala limekufa ni kuruka mto usio na daraja. Tena kijana huyo pengine hana mashine yoyote, na sasa amefundishwa kwamba alichonacho hakifai. Tusisahau vilevile kwamba nyanja hii si safi kiasi hicho: mwaka 2020 wachambuzi walibaini takwimu zisizoaminika katika mfululizo wa tafiti za kundi moja la Brazil, na majarida yakaondoa baadhi yake. Watu walikuwa wamekwisha kupanga programu zao kwa kuzitegemea.

Mtu atauliza: kama njia zote zinafika, je, wingi wa kazi haujalishi? Unajalisha. Uchambuzi wa mwaka 2017 wa Schoenfeld, Ogborn na Krieger uliokusanya tafiti nyingi ulionyesha kwamba seti zaidi kwa wiki huleta ukuaji zaidi. Ila kila seti unayoongeza hukulipa kidogo kuliko iliyotangulia, na hapa ndipo Jones na Mentzer wanapopata nusu ya haki yao. Mwaka 2025 lilitoka jaribio jingine lenye mkono wa Schoenfeld: watu 42 wenye uzoefu, mazoezi tisa, seti moja tu kwa kila zoezi, mara mbili kwa wiki, kama nusu saa kila kipindi. Baada ya wiki nane misuli yao ilikuwa imekua. Mentzer hakuwa sahihi aliposema kwamba zaidi ya hapo ni madhara. Lakini kwa mtu mwenye kazi, watoto na foleni ya daladala, saa moja kwa wiki inayoleta matokeo ni jambo kubwa kuliko siri yoyote ya pembe ya kiwiko.

Nataka tuyafikirie haya tukiwa ndani ya jimu zetu zenyewe. Uswahilini, vyuma vingi ni vya kutengeneza: makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba, rimu za gari, ekseli chakavu. Kwa miaka mingi waliofanyia hapo wameonekana, na wamejiona, kama watu wanaongoja siku watakapopata jimu ya kweli. Tafiti za McMaster zinasema jambo tofauti. Kopo la zege lililo jepesi kwa bingwa, likinyanyuliwa mara 25 mpaka mkono ugome, linatoa kazi ileile. Anayekosa uzito wa kuongeza anaweza kuongeza marudio. Pushapu na pulapu zinaingia humohumo. Kwa chakula pia kuna nafuu: uchambuzi wa mwaka 2018 ulioongozwa na Robert Morton uliona kwamba faida ya protini kwa anayenyanyua hufikia kikomo karibu gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 70 ni kama gramu 112, kiasi kinachofikiwa kwa dagaa, maharage, mayai na maziwa, japo kwa wengi si rahisi kila siku, na ndiyo maana inauma kuona kijana akikopa kununua kopo la unga wa kutoka nje ilhali hata mayai hapati ya kutosha.

Au chukua mapumziko. Wengi hufunga Ramadhani, wengine hurudi shamba msimu wa mvua, wengine kazi huwapeleka mbali kwa miezi. Hurudi wakiwa na aibu, au hawarudi kabisa kwa kuamini kila kitu kimeyeyuka. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Finland, walilinganisha waliofanya mazoezi wiki 20 mfululizo na waliofanya kumi, wakakaa kumi bila kufanya lolote, wakamalizia kumi. Mwishoni walikuwa karibu sawa. Mwalimu wa jimu anayejua hilo atampokea vizuri anayerudi mwezi wa Shawwal, na hatamlazimisha kunyanyua kwa hasira ya kufidia.

Gharama kubwa ya kosa letu inaangukia kwa watu ambao hawajawahi kuhesabiwa kuwa watu wa vyuma. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha utafiti juu ya wazee kumi wa nyumba ya kulelea wazee huko Boston, wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Waliwapa mizigo mizito ya miguu kwa wiki nane. Nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na misuli ya mapaja ikaongezeka kwa asilimia 9. Ni fikra ileile ya DeLorme: mzigo unaoongezeka, kwa mwili ambao wengine wameuambia upumzike. Bibi anayeshindwa kunyanyuka kwenye kiti anahitaji fikra hiyo kuliko kijana anayebishana kuhusu nusu mwendo. Lakini akiingia jimu akutane na ukuta wa picha za miili ya sindano, kisha asikie mabishano ya mashine gani imepitwa na wakati, ataona hapamhusu. Makocha wetu wanaweza kumwanzisha kesho asubuhi kwa kiti cha mbao na ndoo ya mchanga: akae na kusimama mpaka achoke, apumzike dakika tatu, arudie, na wiki ijayo waongeze kibaba kimoja cha mchanga.